Mwalimu wa Kiswahili Aliyefia Sachsenhausen

Nilipokuwa masomoni mjini Berlin miaka kadhaa iliyopita, wanafunzi wenzangu wawili walinialika tuzuru Sachsenhausen, iliyokuwa kambi ya mateso ya utawala wa Hitler. Mmoja wao alikuwa kijana Mjerumani aliyekuwa akisomea Kiswahili. Wa pili alikuwa msichana wa Kipolandi, mzaliwa wa Kraków. Nilikubali kwa adabu tu. Nilidhani nakwenda kutazama msiba wa watu wengine, mithili ya mpita njia aliyeingia matangani asimjue marehemu.

Treni ilitufikisha Oranienburg, kaskazini mwa Berlin, kwa muda usiotimia saa moja. Kutoka stesheni tulitembea dakika ishirini hivi, tukapita nyumba za watu, bustani za maua na baiskeli za watoto zilizoegemezwa kutani. Jambo hili lilinitatiza kuliko mengi niliyoyasoma vitabuni. Siku zote nilidhani kambi za aina hii zilifichwa msituni. Kumbe hii ilijengwa mwaka 1936 ukingoni mwa mji, na waliolazimishwa kuijenga ni wafungwa wenyewe.

Langoni pana maneno ya chuma yasemayo kwamba kazi humpa mtu uhuru. Ndani, uwanja una umbo la pembetatu, uliopangwa hivyo ili askari mwenye bunduki ya rashasha juu ya mnara aweze kumlenga mtu popote alipo. Kati ya 1936 na 1945 zaidi ya watu 200,000 walifungwa humo: wapinzani wa kisiasa, Mayahudi, Wasinti na Waroma, wapenzi wa jinsia moja, raia wa nchi zilizotekwa. Makumi ya maelfu walifariki. Katika majira ya vuli ya 1941 pekee, mateka wa kivita wa Kisovieti wasiopungua 10,000 walipigwa risasi. Kuna pia njia iliyotandazwa mawe na kokoto za aina mbalimbali, ambapo wafungwa walitembezwa kutwa nzima ili kujaribu uimara wa soli za viatu. Yule Mpolandi alianza kuhesabu hatua zake juu ya njia hiyo, kisha akaacha.

Hapo ndipo alipotusimulia habari ambayo kila mtoto wa Kraków huifahamu. Tarehe 6 Novemba 1939 wahadhiri wa Chuo Kikuu cha Jagiellonia waliitwa ukumbini wakasikilize mhadhara wa afisa wa Kijerumani kuhusu elimu. Hapakuwa na mhadhara. Watu 183 walikamatwa humo chuoni, na wengi wao wakaishia Sachsenhausen katika baridi kali. Ignacy Chrzanowski, bingwa wa historia ya fasihi, alifia kambini Januari 1940, naye alikuwa mzee wa miaka zaidi ya sabini. Hata hivyo, wasomi wa nchi nyingine walipiga kelele, na Februari 1940 walimu wapatao mia moja wakaachiliwa.

Yule Mjerumani akanigeukia. "Na huyu mwalimu wenu, je?" akauliza.

Mwalimu wetu yupi? Msomaji mpendwa, naona haya kukiri kwamba mimi, niliyekuwa nikijigamba kwa Kiswahili changu, sikujua lolote. Ilibidi kijana wa Ulaya anifundishe kwamba Mahjub bin Adam Mohamed, aliyejulikana pia kama Bayume Mohamed Husen, alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904, akalitumikia jeshi la Wajerumani katika Vita Vikuu vya Kwanza angali mtoto, kama baba yake. Mwaka 1929 alifika Berlin, akadai mishahara ambayo yeye na baba yake hawakuwa wamelipwa, akaambiwa amechelewa. Akawa mhudumu wa mkahawa, na chuoni akasomesha Kiswahili. Cheo chake kilikuwa msaidizi wa lugha. Maprofesa walieleza sarufi, naye akatoa ulimi.

Mwaka 1941 alikamatwa kwa shutuma za uhusiano na mwanamke mweupe, akatiwa Sachsenhausen bila kufikishwa mahakamani. Alifariki huko tarehe 24 Novemba 1944. Wale wa Kraków walikuwa na wenzao ng'ambo wa kuwapigia kelele. Huyu alikuwa na nani?

Tulibishana njia nzima ya kurudi. Mjerumani alisema Husen si shujaa: alikuwa ameigiza katika filamu za kuusifu ukoloni, ikiwemo ile ya 1941 kuhusu Carl Peters, yule ambaye watu wetu walimwita Mkono wa Damu. Hayo ni kweli, wala siyafichi. Lakini niliona kwamba hukumu hiyo ni rahisi mno kwa mwanafunzi mwenye pasipoti nzuri na karo iliyokwisha lipwa. Mtu mweusi mwenye familia katika Berlin ya Hitler alikuwa na milango mingapi ya kubisha? Mpolandi hakuunga mkono upande wowote. Aliuliza tu kama jina hilo limo katika vitabu vya shule zetu. Nilimwambia kwamba katika vile nilivyosomea mimi halikuwamo.

Kabla ya kuagana tulitembea hadi Brunnenstraße, nambari 193. Mbele ya nyumba aliyoishi, tangu 2007, pamepachikwa njiani kibao kidogo cha shaba chenye jina lake. Kilikuwa na matope. Mjerumani alichutama, akakifuta kwa kitambaa, kisha akaniomba nimsomee jina hilo kwa matamshi yake sahihi. Nililisoma. Akalirudia mara tatu, akikosea kila mara kwenye Mahjub, nami nikawa namsahihisha huku watu wakitupita kando wakienda zao.