Siku 28 zinazowapa wahandisi kazi mpya

Mgogoro wa mamilioni kwenye ujenzi unaweza kuanza na kauli moja ya mdomo. Mhandisi msimamizi anafika saiti, anachungulia shimo la msingi, anakuta udongo mlaini. "Shukeni mita moja zaidi," anamwambia mkandarasi, "barua itafuata." Kijiko kinachimba, malori yanahamisha kifusi, zege linaongezeka. Barua haiji. Miezi minane baadaye mkandarasi anadai fedha na muda, naye mwenye mradi anauliza: nani aliwaagiza?

Kwa mhandisi anayehamia kwenye sheria ya ujenzi, kulijibu swali hilo ndiyo kazi yenyewe, na mara nyingi huanzia kwenye meza ya madai ya mkandarasi.

Mikataba ya FIDIC, shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri, inayotumika sana kwenye miradi ya fedha za Benki ya Dunia, haina huruma. Kwa toleo la 1999, mkandarasi asiyetoa taarifa ya dai ndani ya siku 28 tangu alipojua tukio, au alipopaswa kulijua, hana tena haki ya muda wala malipo. Kesi nzuri imekufa kabla haijazaliwa.

Siku hizo wakili hodari anazihesabu vizuri tu. Sasa mpe daftari la saiti: mvua siku tatu, mafundi wa nondo wamekaa bure, pampu imeharibika. Wakili ataona mvua. Mhandisi atafungua hati za mapokezi ya vifaa na kugundua kwamba nondo zenyewe zilifika wiki iliyofuata, kwa hiyo hata jua lingewaka wale mafundi wasingekuwa na kazi. Ujuzi huo ndio unaolipiwa.

Udhaifu wa mhandisi nao naujua. Amezoea hesabu yenye jibu moja, hivyo akishaona nani alikosea kiufundi hudhani shauri limekwisha, kumbe mkataba ulishampa hasara mtu mwingine.

Mlango uko wazi. Msuluhishi si lazima awe wakili. Pande mbili zikikubaliana, zinaweza kumteua mhandisi. Tanzania ilifuta sheria yake ya usuluhishi ya enzi za mkoloni na kutunga mpya mwaka 2020, na Baraza la Taifa la Ujenzi lina kanuni zake za usuluhishi. Nairobi ina kituo cha usuluhishi wa kimataifa kilichoundwa kwa sheria ya 2013. Kusimama Mahakama Kuu kumtetea mteja ni jambo jingine. Hapo digrii ya uhandisi haisaidii.

Tukirudi shimoni: toleo lilelile la 1999 lilimpa mkandarasi siku mbili za kazi kuthibitisha agizo la mdomo kwa maandishi. Msimamizi akinyamaza siku mbili nyingine, uthibitisho huo ndio unakuwa agizo. Ilihitajika barua ya mistari mitatu.