Presha ya Tabo: Tusiikaze Ovyo

Ukisimama kando ya barabara ya mlimani, kama ile ipandayo kutoka Korogwe kwenda Bungu, utasikia magari mengine yakipiga mluzi yanapopanda. Mluzi ule si shetani. Ni sauti ya tabo.

Tabo ni nini? Sisi wa vijijini tunaijua mivukuto ya mhunzi. Mhunzi akivukuta, hewa inaingia kwa nguvu, moto unawaka sana na chuma kinalainika. Tabo hufanya kazi hiyo hiyo. Moshi unaotoka kwenye injini huzungusha gurudumu dogo. Gurudumu hilo limeunganishwa na jingine, ambalo huvuta hewa safi na kuisukuma ndani ya injini. Hewa ikiwa nyingi, dizeli inaungua vizuri na gari linapata nguvu. Alfred Büchi wa Uswisi aliandikisha ubunifu wa namna hii mwaka 1905.

Lakini mhunzi akivukuta bila kipimo, chuma huungua. Tabo nayo ina kipimo chake. Magari mengi madogo hupewa presha ya pauni 7 hadi 20 hivi. Malori makubwa huweza kupewa zaidi.

Nani anailinda presha hiyo? Katika tabo nyingi kuna kilango kidogo. Presha ikifika kipimo, inasukuma rodi, rodi inafungua kilango, na moshi mwingine unapita pembeni bila kuzungusha gurudumu. Presha haipandi tena. Magari mapya huongozwa na kompyuta.

Hapa ndipo penye hatari. Tuseme wanakijiji fulani wa Handeni wamechanga fedha wakanunua lori la kubebea mahindi. Dereva anasema, "Gari halivuti." Mtu anamjibu, "Kaza hiyo rodi, bwana, litapaa!" Rodi inafupishwa. Kilango kinachelewa kufunguka, presha inazidi. Siku mbili tatu lori linakwenda kama upepo, watu wanashangilia. Halafu gasketi ya hedi inaungua, au pistoni inapasuka, au tabo yenyewe inakufa. Mahindi yanabaki ghalani, na deni halingoji. Nani atalipa? Ni wale wale waliochanga.

Basi gari likikosa nguvu, tufanyeje? Tusianze na rodi. Tuanze na haya:

1. Tutazame chujio la hewa. Vumbi letu jekundu huliziba upesi. Injini haiwezi kupumua.

2. Tukague mipira ya hewa itokayo kwenye tabo. Ikipasuka, au klipu zikilegea, hewa inatoka nje. Gari linakosa nguvu na kutoa moshi mweusi.

3. Tukague chujio la dizeli. Likiziba, dizeli haifiki ya kutosha.

4. Tutazame kama rodi ya kilango imekwama kwa kutu. Kilango kikikwama wazi, presha haipandi. Kikikwama kimefungwa, presha inazidi.

5. Mwisho, fundi afunge geji na kupima presha gari likiwa kazini. Alinganishe na kitabu cha gari hilo. Rodi irekebishwe kwa geji tu, kidogo kidogo, na isipite kipimo cha kitabu. Fundi anayekaza kwa kusikiliza mlio anabahatisha na mali yenu.

Tena, tabo huishi kwa oili. Gurudumu la tabo ya gari dogo huweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika moja. Tubadili oili kwa wakati. Na baada ya kupanda mlima na mzigo, dereva asizime injini papo hapo. Aiache ingurume polepole dakika mbili au tatu, ili oili iipoze tabo.

Wenye gari la ushirika, mwulizeni fundi wenu swali hili kabla hajashika spana: "Geji yako iko wapi?" Kama hana, mwambieni asiiguse rodi. Mtaka yote hukosa yote.