MAWINDO YA KWENYE SKRINI

Mpenzi msomaji, kama wewe ni mkaazi wa Kibera, bila shaka unavijua vibanda vya gemu. Ukiingia ndani utakuta wengi wanacheza mpira. Mimi nataka kukueleza juu ya gemu ya kuwinda. Inaitwa Monster Hunter, nayo ilianza kutolewa na kampuni ya Capcom ya Japani mwaka wa 2004. Ninayoizungumzia hapa ni Monster Hunter: World, ya mwaka wa 2018.

Labda mwalimu atauliza, "Mbona kuwinda, na Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka wa 1977?" Ni kweli, mwalimu. Lakini humu hakuna swara wala ndovu. Kinachowindwa ni madude ya kubuniwa tu, kama vile Rathalos, joka linaloruka na kutema moto.

Sheria zake si ngumu. Kazi nyingi hupewa dakika 50. Ukipigwa hadi ukazirai, paka wanakubeba kwa mkokoteni mpaka kambini, kisha unaanza safari tena. Kwa kawaida, ukizirai mara 3 basi, kazi imeharibika.

Kwanza, tuangalie kucheza peke yako. Nafasi zote 3 ni zako. Dude halina alama ya kuonyesha nguvu zilizobaki, kwa hivyo lazima ulitazame vizuri. Likianza kuchechemea, ujue limekaribia kushindwa, na litaenda pangoni kulala. Hapo unaweza kulitegea mtego. Ukiwa peke yako unajifunza subira. Ubaya ni kwamba saa ya kibanda unailipa wewe mwenyewe, ushinde usishinde.

Pili, kuna kucheza na wenzako. Kwa intaneti, wawindaji hadi 4 wanaweza kuwinda pamoja, na dude nalo linaongezewa nguvu. Lakini zile nafasi 3 haziongezwi! Mmoja akizirai mara 3, wote mmeshindwa, hata yule ambaye hajaguswa.

Sasa kama kibandani kuna mashine moja tu, mnafanyaje? Watatu wanachanga pesa na kucheza kwa zamu. Anayezirai anampa mwenzake padi, yaani kile kishikio chenye vitufe. Wa tatu ndiye anayebeba mzigo wa wote. Wale wasioshika padi nao wana kazi: mmoja anahesabu dakika, mwingine anaangalia kama dude linachechemea. Shida inaingia wakati kila mtu anapiga kelele, "Kulia! Kushoto! Kimbia!" Wahenga walisema manahodha wengi chombo huenda mrama. Dawa yake ni kukubaliana mapema nani atakayesema.

Je, ipi ni bora? Kwa maoni yangu, ukicheza peke yako utalijua dude, lakini ukicheza na wenzako utawajua watu. Kuna yule anayezirai kisha anasema padi ni mbovu. Kuna anayekataa kuitoa. Na kuna yule anayekupa padi bila kununa, halafu anakukumbusha polepole kwamba zimebaki dakika 10.

Basi ndugu msomaji, huyo wa mwisho usimwache. Hata siku ya kuunda kikundi cha kudurusu, mtafute yeye kwanza.