Kazi za Ziada Gereji: Ipi Ikubaliwe, Ipi Ikataliwe

Mwenye gari anayefika gereji kumwaga oili mara nyingi hukuta kuwa kazi haiishii hapo. Gari likishapanda jeki, fundi hutoka chini akijipangusa mikono na kuuliza: "Bosi, injini iko na uchafu mwingi, tuipige flashi? Na nozeli pia zinataka kuoshwa." Wakati huo mteja hawezi kuondoka, na bei inayotajwa haikuwa kwenye hesabu ya asubuhi. Kwa mkazi wa Gatwekera au Kawangware ambaye Probox au pikipiki yake ndiyo duka lake, kusema "sawa" bila kufikiri kunaweza kula mapato ya siku mbili tatu. Kukataa kila kitu nako kuna hatari, kwa sababu baadhi ya kazi hizo ndizo zinazozuia ajali.

Si kila fundi anayetaja kazi ya ziada ni mlaghai. Wapo wengi kandokando ya Barabara ya Naivasha na Kibera Drive ambao huona kasoro na kuisema kwa nia njema. Shida ni kwamba mteja hana njia ya kujua tofauti, isipokuwa aulize maswali mawili: je, kazi hiyo imo katika ratiba ya aliyetengeneza gari? Kama haimo, je, fundi anaweza kuonyesha kasoro yenyewe kwa macho?

Swali la kwanza lina ugumu wake hapa kwetu. Magari mengi madogo yanayotumika Nairobi yaliletwa yakiwa yametumika Japani, na kitabu chake, kama bado kipo, kimeandikwa kwa Kijapani. Kamera ya simu siku hizi inaweza kukitafsiri ukurasa kwa ukurasa, na vitabu vya Kiingereza vya aina nyingi za magari hayo hupatikana kwenye intaneti. Nusu saa ya kutafuta ukurasa wa ratiba ya sevisi na kuuhifadhi kwenye simu humsaidia mwenye gari kuliko kubishana na fundi.

Kazi inayokataliwa vibaya zaidi ni ya breki. Mafuta ya breki hufyonza unyevu kutoka hewani kadiri muda unavyokwenda. Yakishachanganyika na maji huchemka upesi breki zinapopata moto, na dereva anayeshuka mteremko wa Mai Mahiu hukanyaga pedali ikazama bila gari kushika. Ndiyo maana watengenezaji wengi hutaka mafuta hayo yabadilishwe kila baada ya miaka michache, hata kama gari halijaonyesha tatizo. Fundi akisema pedi zimeisha, afungue tairi aonyeshe. Pedi iliyokwisha haihitaji utaalamu kuitambua.

Maji ya radieta ni jambo jingine ambalo wengi hulipuuza. Nairobi iko juu, zaidi ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, na maji matupu yaliyo wazi huchemka hapa kwenye nyuzijoto kama 94, si 100 kama Mombasa. Maji ya mfereji pia huleta kutu ndani ya injini. Kwa hiyo fundi anayependekeza kulanti badala ya maji ya jerikeni hajakosea. Lakini kama kulanti iliyomo bado ni safi na muda wake haujafika, hakuna haja ya kuimwaga.

Gia za CVT, zinazopatikana katika aina nyingi za Nissan Note, Mazda Demio za miaka fulani na Vitz kadhaa, zinahitaji tahadhari ya pekee. Oili yake ina aina yake maalumu. Kubadilisha kwa wakati ni kazi halali, ila fundi anayetaka kuweka oili yoyote ya gia "kwa sababu zote ni moja" anyimwe kazi hiyo mara moja, hata kama bei yake ni nafuu. Gia ya CVT ikiharibika, bei ya nyingine iliyotumika inaweza kumlaza mtu njaa.

Sasa zile za kukataa bila wasiwasi. Injini iliyomwagiwa oili kwa wakati haihitaji flashi. Dawa za kuongezwa kwenye oili ni za kutiliwa shaka pia, kwani oili nzuri hutoka kiwandani ikiwa tayari na viungo vyake vya kusafisha na kuzuia kutu. Kuosha nozeli kuna maana gari linapozima ovyo, linapokula mafuta kupita kawaida au linapotetemeka likiwa limesimama. Lisipofanya hivyo, liachwe. Tairi kujazwa nitrojeni kwa malipo ni anasa tu: hewa ya kawaida yenyewe ni nitrojeni kwa asilimia 78. Alaimenti ni ya gari linalovuta upande mmoja, linalokula tairi pembeni au lililoangukia shimo kubwa. Filta ya hewa hutolewa na kuangaliwa kwenye mwanga hapo hapo. Kwa vumbi la njia zetu huenda kweli imejaa, lakini iangaliwe kwanza.

Wa bodaboda hukutana na hayo hayo kwa kipimo kidogo. Injini ya pikipiki hubeba oili kidogo na hufanya kazi mchana kutwa kwa kusimama na kuondoka, tena na mzigo. Kumwaga oili kwa wakati, kukaza na kupaka mnyororo oili, na kubadilisha viatu vya breki vilivyokwisha kunamfaa mwendeshaji anayelipa mkopo kila siku kuliko chupa yoyote ya dawa anayouziwa.

Upande wa sheria, mteja hayuko peke yake. Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa haki ya huduma ya ubora unaofaa na ya kupewa habari anazohitaji. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 ina sehemu nzima kuhusu ukarabati wa magari. Kwa kawaida fundi anatakiwa kutoa makadirio ya gharama kabla ya kutoza, asifanye kazi ambayo mteja hakuiidhinisha, na asizidishe makadirio hayo kwa zaidi ya asilimia 10. Mteja pia ana haki ya kurudishiwa vipuri vilivyotolewa. Avidai, kwani kipuri cha zamani kikiwa mkononi ni vigumu kulipishwa kipya ambacho hakikufungwa.

Kipuri au oili yenye alama ya ubora ya KEBS inaweza kuhakikiwa kwa kutuma namba iliyo kwenye alama hiyo kwa ujumbe mfupi kwenda 20023, bila kutoka kaunta ya duka la Kirinyaga Road.

Mafundi wengi wa jua kali hawatoi risiti, na hilo halimwachi mteja mikono mitupu. Makadirio yaliyoandikwa kwenye WhatsApp kabla kazi haijaanza, picha ya namba ya kilomita na ya sehemu iliyoharibika, pamoja na ujumbe wa M-Pesa wa malipo, vyote ni ushahidi. Mzozo ukishindikana kumalizwa gereji, Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1. Mahakama hiyo iliundwa kwa sheria ya mwaka 2016 na ilianza kazi Milimani mwaka 2021. Mlalamikaji anaweza kujitetea mwenyewe bila wakili, na sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60.