Barua ya Uingereza: hakiki namba ya posta

Mwanao aliyehamia Uingereza akiomba nakala ya kadi yake ya chanjo, usichukue namba ya posta kwenye ramani ya kompyuta bila kuihakiki. OpenStreetMap, iliyoanzia huko huko Uingereza mwaka 2004, huchorwa na watu wa kujitolea. Nyumba nyingi zimo bila namba hiyo, kwani orodha kamili ni mali ya Royal Mail, na hairuhusiwi kunakiliwa ovyo. Mwaka 2010 idara ya ramani, Ordnance Survey, ilitoa orodha ya bure, lakini huonyesha nukta moja tu kwa kila namba, na namba moja hutumiwa na nyumba kama 15. Nyumba ikikosa namba, programu hukisia kwa kutazama jirani. Hapo ndipo barua hupotea: ng'ambo ya barabara mara nyingi ni namba nyingine.

Namba ina mafungu mawili, mfano SW1A 1AA, ya jumba la mfalme (huko hatudhani una ndugu). Mwambie mwanao akusomee iliyo kwenye barua anazopokea, kisha ilinganishe na ile ya tovuti ya Royal Mail. Zikitofautiana, mpigie tena kabla ya kutuma. Kadi yenyewe ibaki kwako.