Nani aliuona mwisho wa Doudou?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa huu wa wasomaji ili nami nitoe yaliyo moyoni mwangu kuhusu michezo ya televisheni. Mara kwa mara wasomaji wenzetu huandika wakilaumu michezo ya kigeni kwamba inapoteza watoto na kuvunja heshima majumbani. Sina ugomvi nao, maana ipo mingine ambayo hata mimi huizima. Lakini upo mmoja ambao nyumbani kwangu haukuvunja kitu. Ulipatanisha watu wawili ambao wazee wa pande zote mbili walikuwa wameshindwa kuwapatanisha. Nao ni ule mchezo wa Kichina wa Doudou na Mama Wakwe Zake.

Kwa wale waliosahau, mchezo huo ulionyeshwa na TBC kuanzia mwishoni mwa mwaka 2011, nao ulikuwa na sehemu 36. Kule China kwenyewe ulikuwa umeonyeshwa mwaka 2010 na kupendwa sana. Kazi ya kuutia Kiswahili ilifanywa na Radio China Kimataifa, ambayo idhaa yake ya Kiswahili ilianza tangu mwaka 1961, enzi ikiitwa Radio Peking. Kwa hiyo Doudou alizungumza Kiswahili kama mtu wa hapa hapa petu, isipokuwa midomo yake iliendelea kuchezacheza baada ya maneno kwisha. Jambo hilo liliwachekesha watoto siku mbili za kwanza, baadaye hakuna aliyeliona tena.

Doudou ni muuguzi. Anaolewa na kijana wa mjini aitwaye Yu Wei, ambaye wazazi wake walikwisha achana. Hivyo bibi harusi anajikuta ana mama mkwe mzazi na mama mkwe wa kambo, na hao wawili hawaivi chungu kimoja. Huyu akitazamwa vizuri, yule ananuna. Doudou hana silaha isipokuwa ulimi wake na subira yake. Basi ni hayo tu, ndugu Mhariri. Hakuna bastola wala majambazi, ni watu wanaopika, wanaotembeleana, wananuniana na kupatana.

Kabla ya hapo watu wa kwetu walikuwa wakifuata Isidingo ya Afrika Kusini iliyokuwa ikionyeshwa na ITV, ule mchezo ulioanza kwao mwaka 1998 na kufungwa Machi 2020. Isidingo ilipendwa, siwezi kukataa, lakini lugha ilikuwa Kiingereza. Akina mama walikuwa wakimtegemea kijana mmoja wa darasa la saba awafasirie, na kijana yule alikuwa akitunga. Barker akizungumza habari za mgodi wa dhahabu, kijana husema anadai fedha zake za mahindi. Nilipohamia hapa na kukaa nao jioni moja niligundua kwamba akina mama wa Kalenga walikuwa na Isidingo yao wenyewe, tofauti kabisa na ile ya Johannesburg. Sikumfichua, maana ya kwake ilikuwa na mpango mzuri.

Sasa nieleze yaliyonipata. Niliolewa katikati ya mwaka 2011, nikiwa na mwaka mmoja tu tangu nimalize chuo cha ualimu. Mimi ni mtu wa Rungwe, mume wangu ni Mhehe wa hapa Kalenga, na nyumba yetu ilikuwa ndani ya ua wa wazazi wake. Mama mkwe alinipokea vizuri, tukasalimiana kamwene kila asubuhi kama inavyopasa. Lakini hakuniita mwanangu, wala hakuniita kwa jina. Aliniita Mwalimu. Wenye masikio wanajua neno hilo linavyoweza kusemwa kwa heshima, na linavyoweza kusemwa kama mtu anayefunga mlango.

Kilichoniuma zaidi ni chakula. Nilikuwa nikitoka shuleni saa tisa, mikono bado ina chaki, nakwenda jikoni kupika maharage na mboga za familia nzima. Mama alionja, akashukuru, kisha akainjika chungu chake mwenyewe pembeni na kupika chake. Siku ya kwanza nilinyamaza. Mwezi wa kwanza nilinyamaza. Mwezi wa pili nilianza kulia nikiwa njiani kwenda shule, na mtu wa miaka 24 analia kwa sauti akidhani yuko peke yake, kumbe wanafunzi wako nyuma yake.

Upande wangu nami nilikosa, na sasa nalikiri hadharani. Mshahara wangu wa kwanza nikiwa mke wa mtu nilimnunulia mama yangu mzazi kitenge, nikampelekea kwa basi la Tukuyu. Mama mkwe sikumnunulia hata kipande cha sabuni. Sikuwa na ubaya, nilisahau tu, lakini katika ua mmoja hakuna kitenge kinachopita bila kuonekana.

Wazee walikaa mara mbili. Wa upande wangu walisafiri kutoka Rungwe, ulanzi ukanywewa, maneno mazuri yakasemwa, na kesho yake chungu cha pili kikainjikwa kama kawaida.

Televisheni ilikuwapo moja katika kitongoji chetu, kwa mwenye mashine ya kusaga. Ilikuwa ndogo, ikawekwa juu ya meza karibu na mlango ili walioko uani nao waone. Wanaume walikaa kwenye mabenchi, akina mama na watoto chini kwenye mikeka. Mimi nilikwenda kwa njia ya juu, mama mkwe kwa njia ya mtoni, na kila mmoja alikaa upande wake, katikati yetu watu kama thelathini. Baba mkwe naye alikuja, ijapokuwa alidai kwamba amekuja kusikiliza taarifa ya habari.

Mzee huyo alikuwa na sababu yake. Mwaka 1972 alikuwa kibarua kwenye ujenzi wa reli ya TAZARA, upande wa Makambako. Reli ile ilijengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, ina urefu wa kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi kule Zambia, na yeye alifanya kazi bega kwa bega na Wachina muda mrefu. Alisema alijua wanavyochimba, wanavyobeba na wanavyokula, lakini hakupata kumsikia hata mmoja akizungumzia nyumbani kwake. Sasa alimtazama Doudou akimmiminia mkwewe chai, akatikisa kichwa akasema, "Kumbe nao wana wakwe!" Watu walicheka sana, lakini yeye hakuwa anachekesha. Alirudia neno hilo njia nzima.

Sasa nifike kwenye jioni yenyewe. Mama mkwe mmoja katika mchezo alikuwa amenuna, hataki kusikia la mtu, na Doudou amesimama mbele yake hajui aseme nini. Mimi nilijisahau nikasema kwa sauti, "Mama wa watu naye ana uchungu, mwana ni wake." Na wakati huo huo, kutoka upande wa pili wa mikeka, sauti ya mama mkwe wangu ikasema, "Huyu mama anamwonea binti wa watu." Watu waligeuka wakatutazama, kisha wakatazamana wao kwa wao. Mwenye mashine akapunguza sauti ya televisheni, jambo ambalo hakupata kulifanya hata watoto walipolia.

Nilitamani ardhi ipasuke. Mchezo ulipokwisha nilishika njia yangu ya juu, nikasikia nyayo nyuma yangu. Alikuwa mama. Hakuwa na tochi, mimi nilikuwa nayo. Tulitembea kitambo bila neno, kisha akaniuliza, "Hivi mimi nikipika baada yako, unaona nakuonea?"

Nikamjibu ukweli, kwamba ndiyo, naona hivyo.

Ndugu Mhariri, kumbe mama alikuwa na vidonda vya tumbo. Mafuta ya dukani niliyokuwa nikikaangia yalikuwa yakimuunguza usiku kucha. Aliona aibu kumwambia mkwe msomi kwamba chakula chake kinamuumiza, akidhani nitasema mama wa kijijini ananidharau. Nami niliona aibu kumwuliza kwa nini anapika tena, nikidhani atasema binti wa Rungwe hana adabu. Karibu nusu mwaka wa machozi na vikao viwili vya wazee vilikuwa ni habari ya vijiko viwili vya mafuta. Kesho yake nilichemsha maharage bila kukaanga, na chungu cha pili hakikuinjikwa. Mwisho wa mwezi nilinunua kitenge. Alikitazama pande zote mbili kama mtu anayekagua fedha, akasema rangi yake imekaa vizuri kuliko kile cha Tukuyu. Kumbe alikiona.

Tangu siku ile tulikwenda kwa mwenye mashine kwa njia moja. Kukitokea jambo gumu nyumbani, mmoja wetu huuliza, "Doudou angesemaje?" Ni rahisi kuliko kusema mama umenikosea, au mwanangu umenikosea, maana aliyeko mashakani ni Doudou na siyo sisi. Mtoto wangu wa kwanza alipozaliwa mwaka 2012, mama aliacha kuniita Mwalimu, akaniita kwa jina la mwanangu kama inavyotakiwa.

Sikuwa peke yangu katika mapenzi hayo. Katika kikundi chetu cha akina mama cha kuweka na kukopa, fedha zikishahesabiwa ilikuwa ni Doudou tu. Jirani mmoja alimpa mbuzi wake jina hilo, kwa sababu alikuwa akipendwa na kila mtu na bado anapigwa. Ubishi mkubwa ulikuwa juu ya yale maneno yake matamu. Wengine walisema ni unafiki, kwamba mtu mkweli hamsifu kila mkwe kwa yale anayotaka kusikia. Wazee wakasema nyumba haijengwi kwa ukweli mtupu, na kwamba binti anayesema kila analofikiri atarudi kwao kabla ya mavuno. Wakati ule nilikuwa upande wa kwanza, tena kwa ukali, maana nilikuwa nimetoka chuoni juzi. Leo nina miaka 38 na mdogo wa mume wangu ameoa, kwa hiyo sina hakika tena.

Tarehe 25 Machi 2013 Rais Xi Jinping wa China alihutubia Dar es Salaam katika Kituo cha Mikutano cha Julius Nyerere, na katika hotuba yake akautaja mchezo huu, kwamba umewawezesha Watanzania kuona furaha na shida za maisha ya kawaida ya familia za Wachina. Tulisikia redioni. Mama alifurahi kana kwamba ametajwa yeye. Mimi mwenyewe naona alisema kweli, ila alisahau upande wa pili, kwamba sisi hatukuwa tukitazama Wachina. Tulikuwa tukijitazama wenyewe.

Hapo ndipo nina lalamiko dogo kwa watungaji wetu. Michezo ya kwetu ninaifuata na ninaipenda, lakini ndani yake mama mkwe aghalabu ni mchawi, au ana tamaa ya mali, au yote mawili, na mwisho wake ni kuumbuka au kufa. Wapo wa namna hiyo, sikatai. Lakini walio wengi ni wanawake wenye vidonda vya tumbo wanaoona aibu kusema. Mbona hao hatuwaoni? Sauti tunazo. Mwaka 2016 yalifanyika mashindano ya StarTimes hapa nchini ya kutafuta watu wa kutia sauti za Kiswahili katika michezo, na washindi wakapelekwa Beijing kufanya kazi hiyo. Kama vijana wetu wanaweza kumpa Mchina sauti hata akatuingia moyoni, hapana shaka wanaweza kumpa sauti mama wa Kalenga.

Sasa nimefika kwenye ombi lililonifanya nishike kalamu. Siku ya sehemu ya mwisho, ua wa mwenye mashine ulijaa hata watu wakakaa ukutani. Mchezo ulikuwa umeanza tu, umeme ukakatika. Tulisubiri gizani mpaka watoto wakalala, haukurudi. Hatukuuona mwisho wa Doudou mpaka leo. Mwanangu ambaye sasa yuko sekondari ameutafuta kwenye simu, akapata sehemu nyingi, zote za Kichina. Nilimwekea mama akasikiliza kidogo, akasema, "Huyo siye. Doudou anasema Kiswahili."

Mama sasa ni mzee. Jicho moja limefanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho na la pili linafifia, lakini masikio yake ni mazima na tumbo linamsumbua kidogo tu. Kwa hiyo nawaomba wahusika wa TBC, kama kanda zile bado zipo, watuonyeshe tena mchezo huo, hata mchana. Na kama haiwezekani, msomaji yeyote aliyeuona mwisho wake, awe Mbeya, Tanga au Kigoma, atuandikie kupitia ukurasa huu.

Maana mama ana mwisho wake alioutunga. Anasema wale mama wakwe wawili walihamia nyumba moja wakawa wanapika pamoja, na Doudou akapata mtoto wa kike. Mimi nasema kuhusu mtoto inawezekana, lakini wale wawili kupika pamoja, haiwezekani hata kidogo. Tunabishana zaidi ya miaka kumi sasa, na yeye hataki kushindwa.

Mpenzi wa Doudou,
Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Kalenga, Iringa.