Kumwandaa Mtoto kwa Darasa la Awali: Kazi Inayoanzia Nyumbani

Mwezi Januari hufungua mwaka mpya wa masomo nchini mwetu. Kuanzia Nyakato na Igoma hadi Kayenze na visiwa vya Ukerewe, watoto wengi wataingia darasa la awali kwa mara ya kwanza. Sare na madaftari hununuliwa dukani. Utulivu wa moyo wa mtoto haununuliwi.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika Tamko juu ya Elimu ya Kikristo la tarehe 28 Oktoba 1965, unafundisha kwamba wazazi ndio walimu wa kwanza wa watoto wao. Mwalimu huendeleza yale yaliyokwisha kuanzwa nyumbani. Tuyaanzeje?

Kwanza, mtoto aambiwe ukweli. Baadhi ya wazazi humtoroka mtoto langoni akiwa ametazama kando. Siku hiyo wanaepuka kilio. Kesho yake mtoto hauachii upindo wa kanga. Ni afadhali aagwe waziwazi, aelezwe nani atakuja kumchukua, na ahadi hiyo itimizwe. Mtoto anayeona neno la mzazi wake ni la kuaminika hujifunza pia kumwamini Mungu Baba.

Pili, mwalimu asifanywe kitisho. Anayemwambia mtoto mtundu, “Ngoja uende shule, utachapwa,” amemfundisha kuiogopa shule kabla hajaiona.

Tatu, tuangalie lugha. Katika nyumba nyingi mtoto huongea Kisukuma au Kikerewe, ilhali shule za serikali hufundisha kwa Kiswahili. Lugha ya nyumbani isiachwe, kwani ni urithi wake. Lakini ajue kusema kwa Kiswahili: naomba maji, naomba kwenda chooni, naumwa.

Nne, azoeshwe kujitegemea: kuvaa viatu, kunawa mikono, kurudisha kitu mahali pake. Maria Montessori, daktari Mkatoliki wa Italia aliyefungua nyumba yake ya kwanza ya watoto mjini Roma tarehe 6 Januari 1907, alizipa kazi ndogo kama hizi nafasi kubwa katika malezi. Kuandika kutakuja kwa wakati wake. Asichapwe kwa kutojua herufi.

Mwisho, familia za mwambao wa ziwa zina ugumu wao. Baba anayevua dagaa usiku hurejea alfajiri akiwa amechoka, na saa hiyohiyo mama yuko mwaloni akinunua na kuanika. Basi ipangwe mapema: bibi, shangazi au jirani mwaminifu ndiye atakayempeleka, tena awe yuleyule kila siku. Mtoto mdogo asiachwe apite peke yake kando ya barabara au ziwa.

Hata Mwana wa Mungu alilelewa Nazareti na Maria na Yosefu, akakua katika hekima. Kila asubuhi, kabla mtoto hajatoka, mzazi amtie alama ya msalaba katika paji la uso. Hiyo ni baraka ambayo kila nyumba inaweza kuitoa.